Spika ya Nyuma, Upande wa Kulia

Mama mkwe alipokuja kukaa kwetu, nilifukuzwa kwenye sebule yangu mwenyewe, na aliyenifukuza hakunitamkia hata neno moja.

Hakukosa adabu. Aliizidisha. Kwa Wasukuma wa kizazi chake, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni hadi mwenzake apite. Huo si uadui, ni heshima. Pale Shinyanga mjini, katikati ya miaka ya tisini, wengi wa rika langu walikwisha kuanza kuilegeza. Mama mkwe alitoka kijiji cha kule Songwa, na yeye hakuwa amelegeza kitu. Nikitia mguu sebuleni, alisimama, akashika ukuta, akatoka kwa mlango wa uani.

Taabu ni kwamba alikuwa haoni vizuri. Presha ya macho ilikuwa imeshamaliza jicho moja, na la pili daktari alisema litafuata taratibu, matone yatachelewesha tu. Ndiyo sababu alikuja kwetu, awe karibu na hospitali. Wanawe wawili wa kiume walikuwa Geita wakichimba dhahabu, leo shimo hili kesho lile, na kijijini hapakuwa na mtu wa kumtilia dawa asubuhi na jioni. Kwa hiyo kila nilipoingia nyumbani kwangu, mama wa watu alikuwa akijigonga kwenye meza na kizingiti kwa kunipisha mimi. Siku alipochubuka muundi mpaka damu ikatoka, nilihama. Nikawa naingia chumbani kwa kuzunguka uani, na chakula naletewa barazani.

Hilo nalo likamuuma. Nilimsikia akimwambia mke wangu, "Mkwe wangu anakula nje kama mlinzi. Mpunga ukishavunwa, narudi kwangu."

Mke wangu alilia siku ile, na mimi nilikasirika, maana mimi nikisikitika huwa nakasirika kwanza. Kijijini pale angekaa na nani? Nani angemtilia matone? Jicho lile moja lingezimika miezi michache tu, na yeye angebaki anapapasa peke yake kati ya jiko na kisima. Na nilimpenda, niseme wazi. Nilipokwenda kuposa, shangazi wote wa mke wangu walikataa, wakasema fundi redio ni mtu wa kunuka risasi ya kulehemu na kupigwa shoti. Yeye ndiye aliyesema, kutoka ndani ya nyumba, bila kunitokea, kwamba mtu anayeweza kukaa na redio moja siku nzima ataweza kukaa na mke. Nilitaka abaki.

Wakati huohuo ndipo nilipopata ile mashine. Mteja wangu wa siku nyingi, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko, alikuwa ameletewa na ndugu yake wa ng'ambo amplifaya kubwa na spika tano: tatu za kuweka mbele, mbili za nyuma. Waliichomeka kwenye umeme wetu bila kuuliza imetengenezwa kwa umeme gani. Ikatoa moshi dakika ileile. Miaka miwili ilikaa stoo chini ya majora ya vitambaa.

"Chukua, fundi," aliniambia. "Ukiweza kuifufua, yako. Mimi inanitia uchungu kuiona."

Nilisuka upya transfoma yake kwa mkono, uzi kwa uzi, kwa wiki tatu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimeliwa na panya, ikabaki karatasi moja yenye mchoro. Ulionyesha chumba kilichochorwa kutokea juu, masanduku matano ukutani, na katikati mtu mmoja ameketi kwenye kochi. Kutoka kichwani kwake mistari ilikwenda kwa kila sanduku. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Unapima umbali kutoka kwa msikilizaji hadi kila spika, kisha unaiambia mashine icheleweshe kidogo sauti ya nyuma, ili isimfikie mtu kabla ya ile ya mbele. Halafu kwenye rimoti kuna kitufe. Ukikibonyeza, spika zinavuma zamu kwa zamu, shhhh ya kushoto, shhhh ya katikati, shhhh ya kulia, shhhh ya zile mbili za nyuma pamoja. Unakaa mahali pako, unaongeza hii, unapunguza ile, mpaka zote zikufikie kwa nguvu moja.

Shabaha yangu ilikuwa mama mkwe. Kwa mtu asiyeona picha, luninga ni sanduku linalopiga kelele kona moja. Lakini nilikwisha kusikia spika tano zilizopangwa vizuri, kule Mwadui kwenye nyumba ya bosi mmoja niliyekwenda kumtengenezea deki. Treni ilipita kutoka kushoto kwenda kulia, na mvua ikanyesha chumba kizima. Nilisema moyoni, huyu mama akiwekwa katikati ya sauti hizo, ataiona filamu kwa masikio, na mtu mwenye kitu cha kungojea kila Jumapili hafungi mzigo upesi.

Jumamosi moja mke wangu alimpeleka kliniki, nami nikapata sebule yote peke yangu. Nilitundika spika mbili za nyuma ukutani, moja karibu na mlango wa uani kushoto, nyingine karibu na mlango wa barazani kulia. Nikakaa kwenye kochi kubwa, katikati kabisa, kama yule mtu wa kwenye mchoro. Nilipima, nikaongeza, nikapunguza, nikasimama, nikakaa, saa mbili nzima. Mwishoni ile shhhh ilizunguka chumba bila kupanda wala kushuka. Nilijipongeza kwa sauti.

Kesho yake mchana, bahati nzuri siku isiyokuwa ya mgao wa umeme kwetu, mke wangu aliweka mkanda wa filamu ya Kihindi na mimi nikajibanza barazani chini ya dirisha, nikingoja kusikia mama mkwe akishangaa. Nilisubiri robo saa. Mke wangu akatoka.

"Mama anauliza kama kuna majirani wamekuja," alisema. "Anasikia watu wanaongea kisogoni kwake. Mbele hasikii kitu."

"Haiwezekani! Nimepima mimi mwenyewe. Mwambie akae kwenye kochi."

"Kochi gani, mume wangu? Tangu lini mama akakaa kwenye kochi? Mimi mwenyewe umeshaniona nimekaa pale?"

Yale makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe alivyovifuma mke wangu mwenyewe, akavitia wanga na kuvipiga pasi, na tangu yaingie nyumbani yalikuwa ya wageni. Sisi wote, hata mimi kabla ya kuhama, tulikaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimetumia saa mbili kumpangia sauti mgeni ambaye hajafika.

"Kwani mama anakaa wapi?"

"Pale mlangoni, mlango wa uani. Chini kabisa ya spika yako ya nyuma."

"Chumba chote kile, kwa nini mlangoni?"

"Ili ukiingia awahi kutoka."

Alisema bila kulaumu, na nadhani ndiyo maana iliniingia sana. Wiki zote hizo nilikuwa nikijiona muungwana kwa kula barazani, kumbe yeye bado alikuwa amekaa mguu mmoja ndani mmoja nje, akinisikiliza mimi badala ya kupumzika. Nilirudi kwenye karakana yangu na sikufanya kazi yoyote ya maana siku ile.

Jioni nilimtuma mke wangu na ujumbe: mkwe anasema hataingia sebuleni kabisa mama akiwamo, iwe isiwe, na anaomba mama achague mahali popote anapopenda. Mama mkwe alichukua siku tatu kufikiri. Siku ya nne alishika mkeka wake, akautandika katikati ya sebule, akakaa. Mke wangu akapiga alama ya chaki sakafuni.

Safari hii nilipima kutoka kwenye chaki. Spika za mbele nilizishusha kwenye matofali, za nyuma nikaziweka kwenye vigoda, zilingane na masikio ya mtu aliyeketi chini. Umbali nikaupata kwa tepu. Lakini nguvu ya sauti haipimwi kwa tepu, na kukaa juu ya mkeka wa mama mkwe nisingethubutu, hata akiwa Songwa. Tena masikio yangu si yake. Yake yalizidi kuwa makali kadiri macho yalivyolegea. Ilibidi yeye mwenyewe awe ndiye kipimo.

Basi tulifanya hivi. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, uso kwenye luninga. Mimi nilisimama barazani nyuma yake, pazia limefungwa, nikapenyeza mkono na rimoti kati ya nondo za dirisha. Mke wangu alisimama katikati kubeba maneno, ingawa sisi wawili tulikuwa tukisikiana waziwazi.

"Mwambie mama, hii ya kwanza ni ya kushoto."

"Mama, mume wangu anasema hii ya kwanza ni ya kushoto."

"Nimesikia."

"Anasema amesikia."

Nikabonyeza. Shhhh. Mama mkwe alisikiliza raundi mbili, halafu nikasikia anacheka, cheko la kifuani ambalo sikuwahi kulisikia.

"Wanapepeta," alisema. "Wanawake wanapepeta mpunga."

Kumbe kweli. Mtu aliyeshika ungo maisha yake yote, ile shhhh angeisikiaje vinginevyo? Kuanzia hapo kazi ilikwenda haraka kuliko nilivyotegemea. Hakuwa na haja ya kuniambia iko juu au iko chini. Alikuwa anawasema wanawake wake. Wa kushoto ana pupa, apunguze. Wa nyuma amechoka, apewe nguvu kidogo. Wa katikati anajua kazi, aachwe. Mimi nikabonyeza, nikangoja, nikabonyeza tena, mkono umekufa ganzi kwenye nondo.

"Huyu wa kulia," alisema hatimaye, "ungo wake mbovu."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema wa kulia ungo wake..."

"Nimesikia. Mwambie mama ile spika ni nzima. Nimeisikiliza mimi saa mbili."

Sikusema vizuri. Nilisema kwa sauti ya fundi anayebishana na mteja, na mke wangu alisita kuyabeba maneno yale. Hakupata nafasi. Mama mkwe, bila kugeuza kichwa, alipaza sauti kuelekea dirishani:

"Mkwe, ungo umetoboka. Chenga za mchele zinapita."

Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na hilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe. Mke wangu hakuwa na cha kubeba.

"Ndiyo, mayu," nilijibu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

Asubuhi nilifungua spika ya mbele, ile ya kulia. Pembeni mwa karatasi yake, mahali ambapo usingeona bila kuigeuza kwenye mwanga, mende walikuwa wametafuna upenyo wa urefu wa ukucha. Niliubandika kwa karatasi nyepesi na gundi, nikaacha ikauke kutwa nzima. Jioni ile nikapenyeza tena mkono dirishani. Mama mkwe alisikiliza raundi tatu.

"Sasa wote wanapepeta sawa," alisema, na hakuyapitisha kwa mtu.

Jumapili zikawa za kwake. Kihindi hakuna aliyekijua nyumbani kwetu, lakini yeye alisimulia filamu nzima baadaye uani: yule mwanamume alikuja na farasi kutoka huku, yule binti akakimbilia kule, mvua ikawanyeshea wote. Mke wangu aliyekuwa ameona picha alikuwa hakumbuki hata nusu yake. Mimi nilisikiliza kutoka barazani na nikafurahi, ila habari ya kuondoka haikukoma. Mpunga ukishavunwa, alisema kila wiki, kwa sababu kumhamisha mtu kwenye sebule yake ni vibaya.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu mvua iliyopigwa na upepo ilifagia baraza yote. Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni. Mabati yalikuwa yanavuma, mtu asingesikia hata mlango ukivunjwa, na mama mkwe wakati huo jicho lake lilikuwa linatofautisha mwanga na giza tu. Nilivua viatu. Nikafungua mlango wa barazani taratibu, nikaingia, nikakaa kwenye kreti la soda palepale kona ya nyuma, upande wa kulia, nyuma ya mgongo wake. Mke wangu aliniona akakodoa macho. Nikaweka kidole mdomoni.

Nilikusudia nikae mpaka mvua ikatike. Ilikatika nami sikuondoka. Kwa mara ya kwanza tangu aje tulikuwa watatu ndani ya chumba kimoja, yeye ametulia, kichwa kikifuata sauti huku na huku, na mimi nyumbani kwangu. Jumapili iliyofuata sikungoja mvua. Niliingia filamu ilipoanza, nikatoka kabla haijaisha, peku, bila kukohoa. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa namwibia mama asiyeona heshima aliyoitunza maisha yake yote, na nilijua siku akigundua angesimama, angeshika ukuta, na safari ile angefika Songwa. Kila wiki nilisema hii ndiyo ya mwisho.

Mpunga ukavunwa. Mwanawe mkubwa akatuma ujumbe kutoka Geita kwa dereva wa basi, kwamba Jumatatu atapita kumchukua ampeleke Songwa. Mama mkwe alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaweka mzigo pembeni ya mlango wa uani. Chupa ya matone akaiweka juu.

Jumapili ile ya mwisho niliingia na kukaa kwenye kreti kama kawaida. Filamu siikumbuki. Nilikuwa naangalia mgongo wake na ule mzigo. Mkanda wa kwanza ulipoisha, mke wangu akainama kuweka wa pili, na chumba kikawa kimya.

"Kabla sijaondoka," mama mkwe alimwambia binti yake, "mwambie mkwe kuna spika inapungua. Ya nyuma, upande wa kulia."

"Imeanza lini, mama?"

"Tangu Jumapili ile ya mvua. Filamu ikianza, inapungua. Filamu ikikaribia kuisha, inarudi." Akaongeza, "Kuna mtu anakaa mbele yake."

Nilianza kuinuka na kreti likalia.

"Mwambie asisimame," alisema upesi. "Kwani ningetaka alowe? Aongeze sauti ya spika ile, basi. Yeye abaki alipo."

Mke wangu alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, hawezi kubeba neno lolote. Ikabidi nijibu mwenyewe, na kwa aibu niliyokuwa nayo nilijibu kifundi.

"Mayu, haiwezekani. Zile za nyuma zinaongezwa kwa pamoja. Nikipandisha ya kulia, na ya kushoto inapanda."

Alifikiri. Kisha akashika ncha ya mkeka wake, akajiinua kidogo, akausogeza nyuma na kulia, akausogeza tena, mpaka akavuka alama ya chaki, akakaa karibu nami zaidi ya mwanzo kwa urefu wa mkono. Uso hakugeuza. Wala mimi sikumtazama usoni, mpaka alipofariki miaka mingi baadaye.

"Hapa zinalingana," alisema. "Haya, weka mkanda."

Jumatatu mwanawe alikuja. Alikunywa chai, akaambiwa chupa ya dawa haijaisha, akapanda basi la Geita peke yake. Mzigo ulirudi chumbani.

Jumamosi iliyofuata, mama mkwe akiwa uani anaota jua, nilifuta alama ya zamani kwa kitambaa chenye maji, nikapiga chaki mpya, nikapima upya spika zote tano kutoka pale alipohamia. Halafu, kwa kuwa tepu bado ilikuwa mkononi, nikapima na kutoka pale hadi kwenye kreti langu. Ilikuwa futi tano na nusu.